Kuandika na kutamka Lojban kwa mdomo wa Kiswahili, hasa sisi wa Mtwara na Lindi

Kuna vijana huku kusini wanauliza Lojban inatamkwaje na inaandikwaje, na ukiangalia maelezo yaliyopo karibu yote yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeongea Kiingereza, yani anafundishwa kwa kirefu kutamka a e i o u, kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza Newala anakijua tayari, alafu zile sehemu zinazotusumbua sisi zinapitwa juu juu. Kwa hiyo huu mwongozo unaanzia kwenye mdomo wetu.

Kwa asiyejua kabisa, Lojban ni lugha ya kutengenezwa. Mmarekani James Cooke Brown alianza lugha yake ya Loglan mwaka 1955, baadae 1987 kikundi kingine hukohuko Marekani wakachukua wazo lile wakalijenga upya kwa maneno mapya ndo ikawa Lojban, na sarufi yake kamili ikatoka 1997. Mizizi ya maneno ilichanganywa toka lugha sita, Kichina, Kiingereza, Kihindi, Kihispania, Kirusi na Kiarabu, Kiswahili hakimo. Lakini kiukweli kwenye matamshi mswahili ana bahati kubwa kuliko wengi: irabu tano ni zilezile, kinachoandikwa ndicho kinachosomwa, na mkazo uko silabi ya pili toka mwisho kama kwetu. Kazi yetu sio kujifunza sauti mpya, maana mpya ni mbili tu. Kazi yetu ni kuuzuia mdomo usiongeze irabu pasipotakiwa, na kuzitenganisha l na r, s na sh. Hapo ndo nitakaa sana.

Kwa nini ni muhimu hivyo? Kwa sababu Lojban imetengenezwa ili msikilizaji ajue neno linaanzia wapi na kuishia wapi kwa kusikia sauti peke yake. Ukibadilisha sauti kidogo sentensi haiwi na lafudhi tu, inakatika vipande vingine kabisa.

Hatua ya kwanza: zoea herufi zilizopewa kazi nyingine

Lojban haina h, haina q, haina w. Nyingi zilizobaki soma kama Kiswahili, ila hizi shika kichwani:

c ni sh yetu. "ci" (tatu) inasomwa shi, sio chi.
j sio j ya Juma. Ni sh iliyotiwa sauti ya kooni, sema shhh alafu ukiwa hujaacha washa koo kama unavyotoka s kwenda z. Hii ni sauti mpya ya kwanza.
tc ndo ch yetu, na dj ndo j yetu. "tcadu" (mji) ni chadu, "djacu" (maji) ni jashu.
x ni kh ya Khamis na ya sabalkheri, sio ks.
y ni irabu, na ni sauti mpya ya pili. Legeza mdomo wote, ulimi ulale katikati, usiende kwenye a wala e wala u, toa sauti fupi. Usiisome kamwe kama y ya yai.

Sauti ya ya yetu kule inaandikwa ia, na wa inaandikwa ua. Kwa hiyo ".ie" (nakubali) ni ye, na ".ui" (furaha) ni wi. G ni ngumu siku zote. R tamka yoyote uliyonayo, ya kutetemesha au ya kugusa mara moja, zote zinakubalika, mradi isikike sio l. N ikiwa mbele ya k au g inaruhusiwa kuwa ng', kwa hiyo "bangu" (lugha) we soma tu kama ingekuwa ya Kiswahili na uko sawa.

Hatua ya pili: alama tatu ndogo

Nukta sio mwisho wa sentensi. Nukta ni kituo, unakata pumzi kooni kidogo alafu unaendelea. Kila neno linaloanza na irabu linatanguliwa na kituo, na kila jina linawekewa kituo mbele na nyuma. Sentensi mpya inaanza kwa neno ".i", hiyo ndo kazi ya nukta na herufi kubwa za kwetu. Zamani majina yalikuwa na nukta nyuma tu, na ilikuwa marufuku jina kuwa na "la" iliyotanguliwa na irabu ndani yake, maana "la" ndo neno linalotangulia majina na msikilizaji angechanganyikiwa. Watu siku hizi wameamua nukta zikae pande zote na marufuku ikaondoka. Fuateni huu mtindo wa nukta pande zote, la sivyo Newala isingeandikika vizuri.

Ile alama ya juu ' iliyoko kwenye ng'ombe, kule ina kazi tofauti kabisa: ni h laini kati ya irabu mbili. "mi'e" soma mihe. "co'o" (kwaheri) soma shoho. Haikai popote pengine, sio mwanzo wa neno wala baada ya konsonanti. Wako watu wengi pwani yetu ambao h inawapotea, habari inakuwa abari, sasa hao wanaruhusiwa kihalali kutumia th ya thelathini badala ya h kwenye hiyo alama, Lojban inakubali. Ila kama th yako inateleza kuwa s basi usiiguse hiyo njia, rudi kwenye h, pumua tu.

Koma inatenganisha silabi ndani ya jina, tutaiona mbele kidogo.

Hatua ya tatu: konsonanti zilizoshikana, usitie irabu

Hapa ndo penyewe. Maneno ya mizizi ya Lojban yako zaidi ya 1300, kila moja lina herufi tano na kila moja lina konsonanti mbili zimeshikana mahali fulani, na mdomo wa Kiswahili ukikuta konsonanti mbili unataka kupachika i au u katikati. Kwetu haina madhara, sukuli na skuli wote tumeelewana. Kule angalia kinachotokea:

"prenu" ni mtu. Ukisema pirenu, msikilizaji anasikia "pi re nu", maneno matatu halali kabisa: nukta ya desimali, mbili, na neno dogo la kutaja tukio. "klama" ni kwenda au kuja. Ukisema kilama anasikia "ki la ma". "blanu" ni rangi ya bluu, ukisema bulanu imekuwa "bu la nu". Hajakusikia vibaya huyo mtu, amekusikia vizuri sana, maneno ndo yamebadilika.

Dawa ni kuanza na zile ambazo mdomo tayari unazo kupitia maneno ya kukopa. Sema klabu, blanketi, plastiki, glasi, brashi, krismasi, trafiki, drafti, spika, stori, skafu, smati. Ukizisema bila kuongeza irabu basi kl, bl, pl, gl, br, kr, tr, dr, sp, st, sk na sm unazo tayari, na hizo zinakupeleka mbali. Jozi zinazoruhusiwa kuanza neno ni 48 tu, kwa hiyo sio bahari.

Ngumu kwetu ni zile za j na z mbele: jb, jd, jg, jm, jv, zb, zd, zg, zm, zv. Njia yake ni kuivuta ya kwanza. Zzzz alafu "dani", zzzdani (nyumba, kiota), rudia ukipunguza urefu mpaka iwe "zdani". Vivyo hivyo "jmive" (hai), "jbena" (kuzaliwa), "zgana" (kutazama). Kwa vile j na z zinavutika, huna haja ya irabu ya kukusukuma, sauti yenyewe inakufikisha kwenye konsonanti ya pili. Za c na s fanya hivyohivyo, "ctuca" (kufundisha) ni shhhtusha. Za v, "vlipa" (yenye nguvu), vvvlipa. Za x ndo zinataka subira, "xrula" ikwangue koo kwanza.

Kuna ml na mr pia. Sisi tukiona m mbele ya konsonanti tunaipa silabi yake, m-la-ngo. Kwenye "mlatu" (paka) m haina silabi, ni mla-tu, midomo inafungwa na kufunguka moja kwa moja kwenye l. Ukisema m-la-tu maana haipotei ila sio matamshi yanayotakiwa.

Sasa kuna ruhusa ambayo wengi hawaijui na inatuhusu sisi moja kwa moja. Lojban inamruhusu mtu ambaye konsonanti zilizoshikana zinamshinda kuweka kairabu kafupi sana katikati, kwa sharti kwamba hako kairabu kasifanane na irabu yoyote kati ya sita za lugha, yani sio a, e, i, o, u wala y. Kanachotumika sana ni i ya uvivu, ulimi umelegea, haijafika i wala e, fupi kama haipo. Haihesabiwi kama silabi, haichukui mkazo, haiandikwi. Ushauri wangu, kama unaitumia basi irabu za kweli zivute kidogo ziwe ndefu ili tofauti isikike, na uitumie pote au uache pote, sio leo unaweka kesho huweki maana msikilizaji anakuzoea. Lakini kwanza jaribu bila hiyo, usianze na fimbo kabla hujajaribu miguu.

Hatua ya nne: l na r, s na c

Huku kwetu l na r zinapishana sana midomoni na hakuna ubaya wowote, ndo tulivyokulia, hata kijiji kule Kilwa utakuta kimeandikwa Nanjirinji na mahali pengine Nanjilinji. Ila kwenye Lojban hizi mbili zikipishana maana inageuka, na inageuka kwenye maneno madogo yanayotumika kila sentensi. "lo prenu" ni mtu, au watu fulani. "ro prenu" ni watu WOTE. Umetaka kusema mtu kaja umesema dunia nzima imekuja. "le" ni kile ninachokitaja, "re" ni mbili. "li" inatangulia namba, "ri" ni kilichotajwa sasa hivi. Na kwenye maneno makubwa iko "kalri" (wazi) na "karli" (kola, kitu cha kuzunguka shingo), iko "xrula" (ua) na "xlura" (kushawishi).

Zoezi: weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, iache hapo imekaa, sema llll. Hiyo ni l, ulimi umetulia na sauti inapita pembeni. R ulimi haukai, unagonga na kuondoka. Sema lo, ro, lo, ro taratibu alafu kalri, karli. Usiwe na haraka. Hata dakika chache ukisubiri gari stendi zinatosha, ila kila siku.

S na c (yani s na sh) nazo ni hivyohivyo na hatari yake ni kubwa zaidi. "ci" ni tatu, "si" ni neno la kufuta, linafuta neno ulilolisema mara ya mwisho. Na "cu" ni kale kaneno kanakotenganisha mtendaji na tendo, "lo prenu cu klama", kako karibu kila mahali. Mwenzake "su" anafuta mazungumzo yako yote tangu mwanzo. Kwa hiyo anayesema "lo prenu su klama" amejifutia kila kitu alichokisema, kwa sarufi kabisa. Ziko pia "ca" (sasa) na "sa" (hii nayo ya kufuta). Kama sh yako inateleza kuwa s, kazi yako ya wiki ya kwanza iwe hiyo tu, mengine yasubiri. Sukuma midomo mbele iwe duara ukitamka c, kwenye s irudishe kama unatabasamu, midomo ndo itakukumbusha hata kama sikio halijazoea.

Hatua ya tano: irabu mbili zinazokaa silabi moja

Maisha sisi tunasema ma-i-sha, kila irabu na silabi yake. Lojban ai, ei, oi na au ni silabi moja, zinateleza pamoja. "coi" ni salamu, ni kitu kimoja shoy, sio sho-i. Ukiipasua, sikio la mwenzio linaweza kusikia "co'i" ambayo ni kaneno ka sarufi ka kuonyesha jambo limetimia. Hisia nyingi zina jozi za namna hii: ".ui" ni furaha na ".u'i" ni kuchekeshwa, ".oi" ni malalamiko na ".o'i" ni tahadhari, ".ai" ni nimekusudia na ".a'i" ni najitahidi. Kanuni rahisi, hakuna alama usipasue, kuna alama weka h kamili.

Hatua ya sita: mkazo

Hapa nitapita haraka maana tayari mnao, PREnu, KLAma, ni silabi ya pili toka mwisho. Mambo mawili tu. Kwanza jumlisha na hatua iliyopita: "jbobau" (lugha ya Lojban) ni silabi mbili, JBO-bau, ukiipasua hiyo "au" utajikuta unasema jbo-BA-u na mkazo umehama. Pili, silabi yenye y haihesabiwi, kwa hiyo "lobypli" (mtumiaji wa Lojban) mkazo uko LO, unairuka by. Maneno madogo kama lo na cu hayana mkazo maalum, ila usiyakazie yakiwa yamegusana na neno kubwa mbele yake, ukitaka kukazia weka kituo kwanza.

Hatua ya saba: andika jina lako na la kwenu

Hii ndo sehemu ya uchaguzi hasa, na ndo tamu. Jina la Lojban lazima liishie na konsonanti. Majina yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo una njia mbili: kata irabu ya mwisho, au ongeza konsonanti. Rajabu ukikata inakuwa .radjab., ukiongeza inakuwa .radjabun.

Mimi nasimama na kuongeza, na sababu yake ni mkazo. Sisi tunasema raJAbu. Kwenye .radjabun. silabi bado ni tatu, mkazo unaangukia dja palepale bila kuandika chochote. Kwenye .radjab. zimebaki silabi mbili, mkazo unarudi ra, na ili urudi mahali pake inabidi uandike herufi kubwa, .radjAb., maana herufi kubwa kule kazi yake ni kuonyesha mkazo usiokuwa wa kawaida. Ukiongeza konsonanti jina la Kiswahili linabaki la Kiswahili. Konsonanti gani ni hiari yako, n na s ndo zinazotumika sana, chagua moja ubaki nayo. Mwenye bahati ni Hassan na Salum ambao tayari wameisha na konsonanti: .xasan., .salum.

Ndiyo, h ya mwanzo wa jina inageuka x, Halima anakuwa .xaliman. H ya katikati ya irabu inakuwa alama, Zuhura .zu'uran., Mohamedi .mo'amedin. Konsonanti mbili zinazofanana haziruhusiwi kukaa pamoja, Issa ni .isan. Dh na th hazipo, Ramadhani anaandika .ramazanin. Irabu mbili zilizopasuka zinatiwa alama, Somoe .somo'en., Mwanaidi .muana'idin.

Kwenye miji yetu: Mtwara ni .mtuaran., na m pale inaruhusiwa kuwa na silabi yake kama tunavyosema, majina yana uhuru huo ambao maneno ya kawaida hayana, ukitaka kuionyesha andika .m,tuaran. Lindi .lindin., Masasi .masasin., Kilwa .kiluan., Mikindani .mikindanin., Tandahimba .tanda'imban., Mchinga .mtcingan., Nachingwea .natcingue'an. Newala inahitaji koma, .ne,ualan., bila hiyo irabu tatu zimefuatana na msomaji hajui akate wapi. Liwale nayo .li,ualen.

Vikwazo viwili vya kuangalia. M na z haziruhusiwi kugusana, popote, hata kwenye majina, kwa hiyo Mzee inabidi iingizwe y katikati, .myzen. Na mfuatano wa ndj na ntc umekatazwa kwa sababu sikio haliwezi kuutofautisha vizuri na nj na nc. Kwa hiyo Nanjirinji huwezi kuandika kwa dj, andika .nanjirinjin. na j inabaki ile laini. Inasikika tofauti kidogo na wenyeji wanavyosema lakini ndo karibu zaidi.

Hatua ya nane: simu yako

Zima herufi kubwa za kujiandika zenyewe mwanzo wa sentensi, kwa sababu kule herufi kubwa ni mkazo. Zima na marekebisho ya maneno, la sivyo kila "coi" itageuzwa kitu kingine. Ile alama ya juu tumia iliyonyooka, kibodi nyingi zinaweka ya kupinda na programu za kusoma Lojban zinaweza zisiitambue. Nukta kwenye maandishi wengine wanaziacha kwa sababu anayejua sarufi anajua kituo kiko wapi, ila we anayeanza ziandike zote, zinakufundisha kutamka.

Zoezi la kufungia kazi ni hili. Namba kule ni no, pa, re, ci, vo, mu, xa, ze, bi, so, toka sifuri mpaka tisa. Mtafute mwenzio anayejifunza, msomee namba ya simu kwa Lojban kwa sauti bila yeye kuona, aandike anachosikia, alafu mlinganishe. Ndani ya hizo namba kumi r ipo, sh ipo, s ipo, z ipo, kh ipo, utajua mara moja kinachoteleza ni kipi. Baada ya hapo jirekodi ukisoma hii:

coi ro do .i mi'e .somo'en. .i mi xabju la .mtuaran. .i mi klama la .lindin. la .mtuaran. .i ci prenu cu klama .i mi nelci lo finpe .ui

Habari zenu wote, mimi ni Somoe, naishi Mtwara, naenda Lindi kutoka Mtwara, watu watatu wanaenda, napenda samaki, nimefurahi. Inasikika hivi: shoy ro do, mihe somohen, kh ya xabju ikwangue na j yake iwe laini, KLA-ma bila i, shi PRE-nu shu KLA-ma, NEL-shi, FIN-pe, alafu kata pumzi kabla ya wi. Sikiliza rekodi siku ya pili yake ukiwa na maandishi mbele, weka alama kila ulipoongeza irabu, na urudie sentensi hizo tu, usiende kwenye nyingine mpaka alama ziishe.